Namna moyo na pumzi za wanyama zinavyopimwa kabla ya dawa kumfikia mgonjwa Kibera

MGONJWA wa kifua kikuu sugu kutoka kijiji cha Soweto West, mtaani Kibera, Nairobi, hatakiwi kupokea vidonge vyake na kurejea nyumbani hivi hivi. Mwongozo wa matibabu unaagiza kwamba kabla ya kumeza dawa ya kwanza alazwe kitandani, abandikwe nyaya kifuani, mikononi na miguuni, na umeme wa moyo wake uchorwe kwenye karatasi.

Kipimo hicho hurudiwa mara kwa mara muda wote wa matibabu. Mgonjwa ana haki ya kuuliza: ikiwa maradhi yako mapafuni, moyo umeingiaje?

Jibu la swali hilo huanza kutafutwa miaka mingi kabla ya dawa kufika Kibera, katika maabara ambamo mnyama huvishwa fulana yenye vipimo, akaachwa atembee, ale na alale huku moyo na pumzi zake zikifuatiliwa. Ubora wa jibu hutegemea jambo ambalo wengi hawalifikirii, nalo ni utulivu wa mnyama mwenyewe.

Umeme unaochelewa

Soweto West, kijiji kinachopakana na Kianda na Gatwekera, ni mahali ambapo familia nzima huweza kuishi katika chumba cha futi kumi kwa kumi. Katika makao ya namna hiyo, mtu mmoja akikohoa hewa yake huvutwa na wote. Ndiyo sababu kifua kikuu, hasa kile kisichosikia dawa za kawaida, si jambo la kinadharia kwa wakazi wake.

Zamani tiba ya maradhi hayo sugu iliambatana na sindano za kila siku kwa miezi kadhaa, na wagonjwa wengi walipona kifua wakabaki viziwi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliipandisha dawa ya vidonge iitwayo bedakwilini kuwa miongoni mwa dawa za mstari wa mbele. Mwaka 2022 likapendekeza tiba ya miezi sita inayochanganya bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini.

Hiyo ni neema kubwa. Hata hivyo, bedakwilini na moksifloksasini, pamoja na klofazimini inayotumiwa katika michanganyiko mingine, zina tabia moja inayofanana. Zaweza kurefusha muda ambao moyo huchukua kujiandaa tena baada ya kila pigo.

Kila pigo la moyo huanzishwa na cheche ndogo ya umeme. Misuli ikishajikaza na kusukuma damu, chembechembe za potasiamu hutoka ndani ya seli kupitia vijia vyembamba mno, na kwa kutoka huko seli hurejea katika hali ya kungoja cheche nyingine. Kwenye karatasi ya kipimo, safari hiyo yote huonekana kati ya alama mbili ambazo wataalamu huziita Q na T.

Kwa mwanamume mzima kipindi hicho, kikisharekebishwa kulingana na kasi ya moyo, kwa kawaida hakizidi milisekunde 450. Kwa mwanamke huwa kirefu kidogo. Kikipita milisekunde 500, hatari imebisha hodi, kwa kuwa cheche inayofuata yaweza kuukuta moyo haujawa tayari. Mapigo huvurugika, ubongo hukosa damu, mtu huzirai na huenda akafariki katika muda wa dakika chache. Mara nyingi hatangulii kuhisi maumivu yoyote.

Dawa zilizotoa funzo

Dunia ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Dawa ya mzio iitwayo terfenadini iliruhusiwa nchini Marekani mwaka 1985 na ikapendwa sana kwa sababu haikuleta usingizi. Mwaka 1990 madaktari walieleza kisa cha mgonjwa ambaye moyo wake ulivurugika baada ya kuitumia pamoja na ketokonazoli, dawa ya kuua ukungu mwilini.

Ilibainika kwamba kwa kawaida ini huigeuza terfenadini karibu yote kabla haijaufikia moyo. Ketokonazoli, na vilevile eritromisini, huzuia kazi hiyo ya ini. Dawa isiyogeuzwa huingia katika damu na kuziba vijia vya potasiamu. Kufikia mwaka 1998 terfenadini ilikuwa imeondolewa katika soko la Marekani.

Kwa Afrika Mashariki mfano ulio karibu zaidi ni halofantrini, dawa ya malaria iliyojulikana kwa jina la Halfan. Mwaka 1993 watafiti waliokuwa wakitibu wagonjwa katika mpaka wa Thailand na Burma walichapisha ushahidi kuwa dawa hiyo hurefusha kipindi cha QT kwa kiasi cha kutisha. Ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta mengi, kiasi kinachoingia katika damu huongezeka, na hatari nayo huongezeka.

Tahadhari hiyo ilikuwa na faida. Lumefantrini, ambayo kimaumbile ni ndugu wa halofantrini, ilichunguzwa moyo kwa makini kabla ya kusambazwa, na ikaonekana haina madhara ya kiwango hicho. Kenya ilipobadilisha sera yake ya malaria mwaka 2004, ndiyo iliyochaguliwa, ikichanganywa na artemeta, kuwa tiba ya kwanza. Wakazi wengi wa Kibera wenye asili ya maeneo ya Ziwa Victoria, ambao husafiri kwenda mashambani na kurudi na homa, wamekuwa wakiimeza tangu hapo.

Kutokana na visa kama hivyo, Marekani, Umoja wa Ulaya na Japani walikubaliana mwaka 2000 kuhusu mwongozo uitwao S7A. Unaagiza kuwa kabla ya dawa mpya kupewa binadamu wa kwanza, athari zake zichunguzwe katika sehemu tatu ambazo zikisimama uhai nao husimama upesi: moyo na mishipa, upumuaji, na ubongo pamoja na mishipa ya fahamu. Mwaka 2005 ukaongezwa mwongozo wa S7B unaohusu kipindi cha QT peke yake.

Hofu huharibu hesabu

Kumpima mnyama moyo kwaonekana kazi rahisi. Mshike, mfunge, mbandike nyaya, usome. Tatizo ni kwamba mnyama aliyeshikwa kwa nguvu huogopa, na moyo wenye hofu hukimbia. Unapokimbia, kipindi cha QT hujifupisha chenyewe hata kama hakuna dawa yoyote mwilini.

Wataalamu hujaribu kulisahihisha jambo hilo kwa hesabu. Mwaka 1920 Bazett, Mwingereza, na Fridericia wa Denmark kila mmoja alitoa kanuni ya kurekebisha kipindi hicho kulingana na kasi ya moyo. Kanuni zote mbili zinatumika hadi leo, lakini moyo ukienda mbio hazipatani.

Chukua moyo unaopiga mara 60 kwa dakika, wenye kipindi cha milisekunde 400. Kanuni zote mbili hutoa jibu moja, yaani 400. Sasa chukua moyo unaopiga mara 100 kwa dakika, wenye kipindi cha milisekunde 360. Kanuni ya Bazett hutoa takriban 465, ambayo kwa mwanamume ni ishara ya hatari. Kanuni ya Fridericia hutoa takriban 427, ambayo ni salama kabisa.

Karatasi ni ile ile na moyo ni ule ule, ila hukumu ni mbili. Ikiwa kasi hiyo imeletwa na mikono ya mtafiti wala si dawa, dawa njema yaweza kutupwa. Na ubaya zaidi, dawa mbaya yaweza kupita, kwa kuwa athari yake imefichwa na kelele za hofu. Pumzi nazo hazina tofauti: mnyama mwenye woga huhema, na dawa inayopunguza upumuaji yaweza isionekane.

Kwa sababu hiyo mwongozo wa S7A wenyewe unapendelea wanyama wasiotiwa usingizi na wasiofungwa, au waliozoeshwa mazingira ya maabara. Huruma kwa mnyama na usahihi wa kipimo, mambo ambayo watu hudhani yanashindana, hapa huenda pamoja.

Fulana, mkanda na sanduku

Kwa miaka mingi njia iliyotegemewa ilikuwa kumpasua mnyama na kumtia mwilini kifaa kidogo kinachorusha habari kwa mawimbi ya redio. Njia hiyo hutoa picha safi, hasa ya shinikizo la damu kila sekunde, na bado inatumika. Lakini inahitaji upasuaji, siku za kupona, na uangalizi dhidi ya maambukizi.

Njia isiyopasua hutumia fulana. Mbwa, hasa wa aina ya beagle, au kima wa jamii ya makaki hunyolewa manyoya sehemu chache za kifua, akabandikwa vibandiko vya kunasa umeme wa moyo, kisha akavishwa fulana yenye mfuko. Ndani ya mfuko hukaa kifaa chepesi kinachotuma habari hadi kwenye kompyuta iliyo chumba kingine. Kwa siku kadhaa kabla ya jaribio mnyama huvishwa fulana bila kupewa dawa, mpaka aizoee.

Kwa upumuaji huongezwa mikanda miwili, mmoja kifuani na mwingine tumboni. Ndani ya kila mkanda mna waya ulioshonwa kwa mapindo ya mawimbi. Kifua kinapopanuka mapindo hunyooka, na tabia ya umeme katika waya hubadilika. Badiliko hilo huonyesha idadi ya pumzi kwa dakika na pia makadirio ya kiasi cha hewa kinachovutwa. Mikanda ya aina hiyo hutumiwa pia kwa binadamu katika vyumba vya kuchunguza matatizo ya usingizi.

Panya havishwi mikanda hiyo. Huwekwa ndani ya sanduku lenye kuta za kuonea ambamo huzunguka atakavyo. Hewa anayoivuta hupata joto na unyevu wa mwili wake, ikapanuka kidogo, na mgandamizo ndani ya sanduku ukabadilika kwa kila pumzi. Kipimo chepesi hunasa badiliko hilo. Dawa za maumivu za jamii ya afyuni, ambazo zikizidi huua kwa kusimamisha pumzi, hujulikana mapema kwa njia hiyo.

Wazo la kumpima mnyama bila kumjeruhi si geni. Augustus Waller, daktari wa London aliyechora umeme wa moyo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1887, alikuwa na mbwa wake aitwaye Jimmy. Mwaka 1909 Waller alimwonyesha mbwa huyo hadharani akiwa amesimama, miguu yake ndani ya vyombo vya maji ya chumvi vilivyounganishwa na mashine.

Swali lilifika bungeni Uingereza, mbunge akitaka kujua kama huo haukuwa ukatili. Waziri alieleza kwamba mbwa hakuumizwa: maji yalikuwa ya chumvi tu, na mkanda wa shingoni uliodaiwa kuwa na misumari ulikuwa na mapambo ya shaba.

Njia hizi zina kasoro zake. Vibandiko huteleza, mnyama akijikuna mchoro huchafuka, na shinikizo la damu hupimwa kwa kubana mguu au mkia mara moja moja, si mfululizo.

Panya hatoshi

Msomaji aweza kuuliza kwa nini mbwa na kima watumiwe ilhali panya ni wengi na bei yao ni nafuu. Moyo wa panya wa maabara hupiga mara 300 hadi 500 kwa dakika, na ule wa panya mdogo huzidi hapo. Kwa kasi hiyo moyo hujiandaa upya kwa kutumia vijia vingine vya potasiamu, tofauti na vile ambavyo moyo wa binadamu huvitegemea. Dawa inayoziba kijia kiitwacho hERG, ambacho ndicho chanzo cha hatari nyingi za QT, yaweza isimdhuru panya hata kidogo, kisha ikamwangusha mtu.

Mbwa, kima, nguruwe wadogo na hata simbilisi wana mioyo inayokaribiana zaidi na ya binadamu katika jambo hilo. Ndiyo maana hawajaachwa.

Juhudi za kuwapunguza zipo. Mwaka 1959 Waingereza William Russell na Rex Burch walipendekeza kanuni tatu ambazo hadi leo ndizo dira: badili mnyama kwa njia nyingine pale inapowezekana, punguza idadi, na punguza mateso. Siku hizi seli za moyo za binadamu huoteshwa katika kisahani cha maabara na hudunda zenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2022 Marekani ilipitisha sheria iliyoondoa sharti la kwamba lazima kila dawa ijaribiwe kwa mnyama kwanza.

Lakini seli za kisahani hazipumui wala hazina ini. Kisa cha terfenadini, ambapo ini ndilo lililoamua nani aokoke, chaonyesha kwa nini wengi bado wanataka kuuona mwili mzima ukifanya kazi.

Wanyama wa utafiti nchini

Dawa nyingi zinazotumiwa Kenya hufanyiwa uchunguzi huu ng'ambo. Hata hivyo, nchi haikosi historia yake. Taasisi ya utafiti wa jamii ya nyani, iliyoanzishwa na Dkt Louis Leakey mwaka 1960 huko Tigoni, sasa ipo katika msitu wa Oloolua, eneo la Karen, safari fupi kutoka Kibera. Nyani na tumbili wake wametumiwa katika utafiti wa magonjwa kama malaria na kichocho. Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI), yenye makao makuu katika barabara ya Mbagathi, nayo huchunguza dawa za kienyeji kwa kutumia panya.

Kisheria, majaribio kwa wanyama yanasimamiwa na Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inayotaka wanaoyafanya wawe na leseni.

Mahali maabara inapoishia

Hata jaribio lililofanywa kwa uangalifu wote lina mpaka. Wanyama wachache hawawezi kuonyesha dhara linalompata mtu mmoja kati ya elfu. Kwa hesabu za takwimu, ili mtafiti awe na hakika ya asilimia 95 ya kukutana na angalau kisa kimoja cha dhara kama hilo, lazima awaangalie watu wapatao 3,000. Isitoshe, mnyama wa maabara ana afya, ameshiba na anapewa dawa moja. Mgonjwa wa Soweto West huenda amekonda, anaharisha, na anameza dawa za aina tano.

Bedakwilini yenyewe ni mfano. Marekani iliiruhusu Desemba 2012 ikiwa na onyo kali, kwa sababu katika jaribio moja wagonjwa 10 kati ya 79 waliopewa dawa hiyo walifariki, ikilinganishwa na 2 kati ya 81 waliopewa kidonge kisicho na dawa. Hakuna aliyeweza kuonyesha kwamba moyo ndio uliowaua. Baadaye kumbukumbu za maelfu ya wagonjwa wa Afrika Kusini zilidhihirisha kuwa waliotumia bedakwilini walikufa kwa idadi ndogo kuliko wasioitumia. Kilichotatua shaka hiyo ni wagonjwa kufuatiliwa na habari zao kuandikwa.

Kibera ina mazoea ya kufuatiliwa. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, KEMRI na Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Maradhi cha Marekani (CDC) waliendesha uchunguzi wa magonjwa katika vijiji vya Soweto West na Gatwekera. Wahudumu walipita nyumba hadi nyumba, na wagonjwa wakitibiwa katika Zahanati ya Tabitha. Mojawapo ya vipimo vyao kilikuwa rahisi kupindukia, yaani kuhesabu pumzi.

Mtoto mwenye kikohozi aliye na umri wa miezi 2 hadi 11 akihema mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5 akihema mara 40 au zaidi, WHO hushauri achukuliwe kuwa ana nimonia. Kama ilivyo kwa wanyama, ahesabiwe akiwa ametulia. Mtoto anayelia hutoa hesabu ya uongo.

Kipimo cha moyo ni kigumu zaidi. Wahamasishaji wa afya ya jamii waliozinduliwa na Serikali Septemba 2023 hubeba kipima joto na mashine ya shinikizo la damu, lakini mchoro wa umeme wa moyo hauchorwi mlangoni. Mgonjwa lazima aende kituoni, akute mashine inafanya kazi na mtu wa kuisoma. Akikosa kimojawapo, kazi yote iliyofanywa kuanzia kwa mbwa mwenye fulana haimfai kitu.

Kuna mambo ambayo mgonjwa na jamaa zake waweza kuyafanya wenyewe. Anayetibiwa kifua kikuu sugu asinunue eritromisini, dawa ya malaria au ya ukungu katika duka la dawa bila kumwambia mhudumu anachotumia. Akiharisha au kutapika kwa siku kadhaa aripoti mapema, kwa kuwa mwili hupoteza potasiamu na moyo huwa mwepesi wa kuvurugika. Kizunguzungu cha ghafla, kuzirai, au moyo kwenda mbio bila sababu si mambo ya kusubiriwa hadi kliniki ijayo.

Aidha, Bodi ya Dawa na Sumu ina fomu ya manjano ya kuripoti madhara yanayoshukiwa kuletwa na dawa, na ile ya waridi kwa dawa zenye ubora wa kutiliwa shaka. Mwaka 2010 Kenya ilijiunga na mpango wa WHO wa kimataifa wa kufuatilia usalama wa dawa, hivyo ripoti inayojazwa katika kituo kidogo cha Kibera huweza kusomwa pamoja na nyingine kutoka pande zote za dunia.

Dhara ambalo halikuonekana kwa wanyama wala katika majaribio ya mwanzo haliwezi kujulikana kwa njia nyingine. Lazima mtu aliyelipata aseme, na aliyemsikia aandike.